Pengo, mwanya, nafasi, ufa: ni kitu moja ama? (shangazi amenuna)

MamaTevin_Nax, Jumamosi saa tatu usiku

Habari zenu watu wangu, naomba msaada wa Kiswahili kabla sijakosana na ukoo mzima. Kijana wangu yuko gredi ya sita hapa Nakuru, waliambiwa waandike insha ya mtu wanayempenda, akachagua shangazi yake, yaani dada ya baba yake, yule hutuletea samaki kutoka Kisumu kila likizo. Mtoto ameandika vizuri hadi nikajivunia, lakini katikati akaweka "shangazi yangu ana pengo zuri la meno, akicheka pengo linaonekana". Mwalimu akazungushia hiyo pengo wino mwekundu na juu yake akaandika MWANYA. Mimi nikaona ni makosa ya kawaida tu, nikaacha daftari hapo kwa meza.

Shangazi mwenyewe akaingia jana jioni, ameketi anangojea chai, mkono ukaenda kwa daftari. Chai ilipoa. "Pengo? Mimi ndio nina pengo? Kwani mimi ni kibogoyo?" Tangu hapo haongei na mimi moja kwa moja, anapitishia kwa mtoto, "ambia mama yako sukuma imezidi chumvi", na mimi niko hapo hapo mbele yake na mwiko mkononi.

Mtoto naye ndio ameharibu kabisa, anasema mwalimu hajawahi kumwona shangazi, yeye amemwona, na ile aliona ni pengo.

Sasa swali. Kwani hizi vitu ni tofauti hivyo? Mimi nimezaliwa Nakuru nikalelewa Nakuru, sisi tunasema nafasi na tunaelewana, nafasi ya meno, nafasi kwa gari, nafasi kati ya mahindi, na kama sitaki kuja kwa chama nasema sina nafasi. Kuna haja gani ya maneno yote hayo? Na ile nafasi ya wakati, tuseme kati ya kipindi kimoja na kingine shuleni, nayo inaitwaje, maana Tevin aliniuliza nikamwambia ni breki akaniangalia vibaya.

fundi_Kondele, saa tatu na nusu

Shangazi asikasirike bana, mwanya ni urembo, kuna watu wanatamani na hawana. Ameolewa?

MwalimuMstaafu_Kakamega, saa nne kasoro

Mama Tevin hujambo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na hii ya pengo na mwanya nimeisahihisha hadi wino ukaisha, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu, nyumbani hapa hakuna tena wa kunisikiliza.

Usiangalie ukubwa wa hiyo nafasi, angalia ilitokeaje. Pengo ni pale ambapo kitu kilikuwepo kikatoka. Jino limeng'oka, hapo limebaki pengo. Panga limegonga jiwe likamegeka makali, lina pengo. Kikombe kimevunjika ukingo, kina pengo, na mgeni humpi hicho. Ndiyo maana kwenye matanga wanasema marehemu ameacha pengo, husikii hata siku moja marehemu ameacha mwanya, watu wangecheka kaburini. Na wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo, kwa sababu hata ukichonga jino zuri namna gani, lile lililotoka limetoka.

Mwanya ni kitu kingine. Hapo hakuna kilichopotea. Meno mawili yako, yote mazima, ila hayajagusana, ndivyo yalivyoota. Kwa hiyo shangazi ana haki ya kununa, maana ukimwambia mtu ana pengo umemwambia kuna kitu amepoteza, na ukimwambia ana mwanya umemsifu. Mwanya ukautoa mdomoni bado unabaki na tabia hiyo hiyo, mlango upo na fremu ipo na katikati upepo unapita, huo ni mwanya. Magazeti yakiandika mianya ya ufisadi yana maana sheria ipo hapa na sheria ipo pale, lakini hazikukutana vizuri na mtu mwembamba amepita katikati na gunia.

Ufa sasa ndio wa kuogopa. Ufa ni kitu kimoja kinachoanza kuwa viwili. Ukuta, chungu, kisigino wakati wa kiangazi. Ndiyo usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wewe Mama Tevin wa Nakuru huna haja ya mfano, unaishi ndani ya mfano, hilo si Bonde la Mwanya wala Bonde la Pengo, ni Bonde la Ufa, na waliolitafsiri hivyo hawakukosea hata kidogo, maana ardhi ya pande mbili inaachana kweli, milimita chache kwa mwaka. Mtakumbuka mwaka wa 2018 mwezi wa tatu karibu na Suswa, mvua ilinyesha na ardhi ikapasuka hadi barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Wanajiolojia walibishana kama ni ufa wenyewe unafunguka au ni maji yamezoa majivu laini ya volkeno yaliyojaza ufa wa zamani chini huko. Vyovyote vile, neno lilikuwa ufa, na hakuna mtu aliyehitaji kamusi siku hiyo.

Halafu kuna upenyo, huo hupimwa kwa kile kinachopita. Paka amepata upenyo. Ukisema upenyo tayari nimeshaanza kuuliza nani amepenya.

Nikuulize kitu kimoja mama, hilo alilolitaja mtoto, ni la juu au la chini?

Boda_Busia254, saa nne na dakika tano

Mwalimu umesahau njia ya panya. Hapa Busia kati ya Kenya na Uganda kuna geti moja kubwa na hizo nafasi zingine zote ni njia za panya, na panya wenyewe wana miguu miwili na wamebeba mayai. Ukimuuliza mtu hapa upenyo ni nini hatajua, mwambie panya ataenda na wewe hadi ng'ambo.

Na nafasi nayo si kitu ya kupima, nafasi ni maneno ya makanga. Matatu ya watu kumi na wanne, mko kumi na saba, mama ana kuku, na makanga anapiga mlango "nafasi ya mmoja, bado mmoja twende". Ukiingia unaambiwa songa kuna nafasi. Hakuna nafasi. Nafasi inatengenezwa na nyonga zako.

fundi_Kondele, saa nne na robo

Heshima kwako mwalimu lakini kuna moja umeruka, labda kwa sababu hujawahi kubeba mwiko, namaanisha wa saruji sio wa Mama Tevin. Kuna nafasi ambayo haikuota yenyewe, haikumegeka na haikupasuka. Ni wewe umeiacha, tena umeipima.

Mimi naweka taili. Kati ya taili na taili naweka zile vimsalaba vya plastiki, tunaita spesa, milimita mbili ama tatu, halafu nazitoa najaza grauti. Wateja wengi hawapendi, wanasema "fundi zibana kabisa zionekane kama kioo". Nikizibana, jua la Kisumu la saa saba likipiga hiyo veranda taili zinatanuka, hazina pa kwenda, zinainuka mbili mbili kama watu wanaombeana. Nimeitwa nyumba moja kurekebisha kazi ya mtu mwingine, sebule yote imepanda, mwenye nyumba anasema ni majini. Sio majini mzee, ni nafasi mlikataa kuacha.

Hata reli. Babu yangu alikuwa wa reli, gengi ya kupanga mataruma, na alikuwa anatuambia chuma na chuma haviruhusiwi kugusana, ukiunganisha na bamba unaacha kidogo pale katikati ndio chuma kikipata joto kitanuke bila kupinda. Ile sauti ya gari moshi tuliyokuwa tunaigiza tukiwa watoto, kata-kata kata-kata, ni gurudumu linaruka hiyo nafasi. Reli ya kwanza ilifika hapa Kisumu 1901, wakati huo wazungu wanapaita Port Florence, na kutoka Mombasa hadi hapa ni nafasi ngapi hizo, hesabu wewe. SGR, hii reli mpya, wameichomelea ndefu ndio maana haiimbi. Na hiyo SGR ilifika Suswa 2019 ikasimama hapo miaka, sasa mwalimu kutoka Suswa hadi kwetu hapo katikati panaitwaje, pengo ama mwanya? Mimi nadhani panaitwa ahadi.

Kwa hiyo mimi nasema neno la kitu unaacha makusudi ni nafasi, na hiyo ndio kubwa kuliko zote. Mama Tevin hakukosea sana. Ila kwa meno ya watu usiingie nayo.

MwalimuMstaafu_Kakamega, saa nne na dakika ishirini na mbili

Fundi nakubali nimepigwa. Hiyo ya kuacha makusudi sikuifikiria.

mkulima_TransNzoia, saa nne na nusu

Naongeza ya shamba haraka kabla stima ipotee. Mahindi tunapanda sentimita 75 mstari hadi mstari na 25 shimo hadi shimo kama ni mbegu moja moja, hiyo ni nafasi, fundi yuko sawa, umeacha mwenyewe. Lakini baada ya siku kumi hivi ukipita kwa mstari ukute panya buku amefukua ama mbegu haikuota, hapo unaona wapi na wapi pako tupu, hayo ni mapengo, na tunarudi tunapandia. Nafasi iko kwa mpango, pengo ni hasara. Shamba moja, mstari moja, maneno mbili. Msimu huu nina mapengo mengi kuliko mahindi lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

nyar_Mbita, saa tano kasoro dakika kumi

Mimi nimesoma yote nikacheka peke yangu hadi mtoto akaamka.

Huku ziwani nafasi ina jina lingine kabisa, inaitwa jicho. Wavu hauna matundu, una macho. Wavu wa mbuta macho yake yasipungue inchi 5, chini ya hapo watu wa uvuvi wakikukuta wanauchoma mbele yako na wewe unaangalia moshi wa deni. Ukubwa wa jicho ndio unaamua nani anabaki na nani anaenda kukua. Mwalimu hiyo ni upenyo, si ndio? Umepimwa kwa yule anapita. Lakini hakuna mvuvi atasema upenyo wa wavu.

Hata ya wakati tuko nayo. Omena huvuliwa usiku wa giza na taa, inafuata mwangaza, sasa mwezi ukiwa mkubwa taa yako haina maana, ziwa lote linang'aa, omena inatawanyika. Hizo siku watu wanalala nyumbani, wanashona nyavu, wanarekebisha mtumbwi, wengine wanatafuta vita na bibi zao. Ukiuliza mtu atarudi kazi lini hatakwambia tarehe, anaangalia juu anakwambia "dwe (yaani mwezi) bado ni kubwa". Yaani mapumziko yetu yametundikwa angani, hata mtoto anasoma.

Na mwalimu nimeona umeuliza kama ni la juu au la chini, nimejua unaenda wapi hehe. Wazee wetu Wajaluo waling'olewa meno sita ya chini, inaitwa nak, nyanyangu alikuwa nayo, ukikua bila kung'olewa watu walikuwa wanakuona kama mtoto. Sababu moja walikuwa wanatoa ni kwamba ukishikwa na pepopunda taya ikajifunga, uji upitie hapo mgonjwa asife njaa. Sasa hiyo muipange wapi? Ni pengo kwa sababu meno yalikuwepo yakatoka. Ni nafasi ya fundi kwa sababu imeachwa makusudi. Na ni upenyo kwa sababu ya uji. Nyanya alikuwa nazo zote tatu kwa mdomo mmoja na alikuwa anaguguna nyama ya mfupa kuliko sisi.

Sista_wa_Zamu, saa tano na dakika ishirini

Niko zamu ya usiku, wodi imetulia (natypia chini ya meza). Mama Tevin aliuliza ya wakati na hakuna mtu amemjibu vizuri, na hiyo ndio inaua watu.

Mimi ni muuguzi huku Magharibi. Kuna mzee alikuja hospitali moja nilikuwa kabla ya hapa, kifua kimemkaba, akaandikiwa vidonge 15 vya siku 5, kimoja kila baada ya masaa nane. Yule aliyempa dawa dirishani alikuwa na haraka, foleni imetoka nje, akamwambia "mzee, kila saa nane". Mzee akasema sawa, akaenda. Siku ya sita amerudi, kikohozi bado, kwa bahasha kuna vidonge vitano. Tukaanza kumgombeza, mzee umeruka dawa. Akaapa hajaruka hata kimoja, hata amemnunulia mjukuu betri ya saa ndio awe anamwamsha. Anamwamsha saa ngapi? Saa nane. Saa nane mchana anameza, saa nane usiku anaamshwa anameza. Kila saa nane, kama alivyoambiwa. Vidonge viwili kwa siku badala ya vitatu, siku tano ni kumi, vitano vimebaki, hesabu yake ilikuwa safi kuliko yetu.

Nilikaa na hiyo maneno siku nyingi. Kwa Kiswahili saa nane ni mahali kwenye siku, kama vile unaweza sema stendi ya mabasi, na pia ni urefu, kama kutoka stendi hadi soko. Neno moja. Na sisi tunaongea kwa haraka kupitia dirisha dogo lenye tundu la mviringo kwa kioo, hiyo nayo sijui ni mwanya ama ni jicho.

Tangu hapo sisemi "kila". Nasema saa kumi na mbili asubuhi ukiamka, saa nane mchana ukimaliza kula, saa nne usiku ukienda kulala, na nachora jua na jua na mwezi kwa bahasha. Vijana wapya wananicheka na hizo michoro.

Mpwani_Milimani, Jumapili saa moja asubuhi

Salamu zenu. Mie mtu wa Mombasa, mume ndiye aliyenileta Kisumu, na nimezowea joto lakini Kiswahili chenu bado hehehe. Nawapenda lakini.

Dada Sista, hiyo ndo sababu mie nasimama na wale wanaosema masaa. Walimu watanipiga, ati saa haina wingi, saa moja, saa mbili, saa nane, basi. Lakini watu hawakulizua neno bure. Saa nane ni pale mshale uliposimama, masaa manane ni ule mwendo wenyewe. Watu waliona pana pengo kwenye lugha (nimelitumia sawa mwalimu?) wakalijaza. Jino la pembe, sawa, lakini unatafunia.

Nafasi nayo mwaichezea sana. Asili yake ni Kiarabu, nafas, pumzi, jirani yake ni nafsi. Kwa hivyo ukisema sina nafasi umesema sina pa kuvutia pumzi. Makanga wa Busia akikwambia pana nafasi ya mmoja, muulize ya kupumulia au ya kuketi.

Na ya wakati tunayo mengi kwetu, ila naona huku bara yamebaki kwenye mitihani. Kesho, keshokutwa, halafu? Huku nasikia watu wasema "ile siku inafuata keshokutwa", maneno mengi kama hotuba. Ni mtondo, na baada ya mtondo ni mtondogoo. Nyanyangu akikopa sukari akisema atarudisha mtondogoo wajua amekaa akahesabu. Fungate ni siku saba, neno lenyewe ni saba ya kale, siku hizi watu huenda wikendi wakarudi kazini wakaiita fungate, potelea mbali. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hilo ni pengo lililopimwa, fundi wa taili ataelewa, hasara na kipimo pamoja.

Lakini nilipendalo ni tangambili. Kaskazi huvuma, kisha kusi huvuma, majahazi yakawa yaenda na kurudi kwa hizo pepo mbili. Na baina yake pana siku upepo hauna msimamo, mara huku mara kule, ndipo tangambili. Babu alikuwa akimwona mtu hajui aoe au asioe humwambia uko tangambili wewe. Sijalisikia hata mara moja hapa Kisumu, na ziwa mnalo.

kijana_wa_nukta, saa mbili asubuhi

Mnaongea nafasi na nyinyi wenyewe hamjui kuweka nafasi mkiandika. Nimeona watu kwa magrupu ya WhatsApp "ana kuja", "nime fika", "kwasababu", "ili nibidi". Anakuja ni neno moja!! Kwa sababu ni mawili!! Na hakuna mtu anaweka koma, Mama Tevin sentensi yako ya kwanza nimeisoma kwa pumzi moja hadi nikaona nyota.

Boda_Busia254, saa mbili na dakika nne

Kijana hiyo inaitwa nafas, umefundishwa hapo juu. Vuta.

MwalimuMstaafu_Kakamega, saa tatu asubuhi

Nimeamka nikakuta darasa limejaa. Mama wa Milimani, umelitumia pengo sawa kabisa, na kuhusu masaa nitanyamaza, siku zangu za kupiga watu zimeisha. Sista, hadithi ya mzee ningeitumia darasani miaka thelathini kama ningekuwa nayo.

Kuhusu shuleni, Tevin mwambie hivi: kipindi ni somo lenyewe, katikati ni mapumziko, muhula ni ile miezi ya masomo na baina ya mihula ni likizo. Breki ni ya gari, ijapokuwa watoto wote wa Kenya wanakula mandazi wakati wa breki na sijawahi kumwona hata mmoja akila mandazi wakati wa mapumziko. Lakini zile dakika mbili ambapo mwalimu mmoja ametoka na mwingine hajaingia, ambapo vita vyote vya darasa hupiganwa, hizo sijawahi kuzipatia jina.

Bado sijajibiwa, juu au chini?

MamaTevin_Nax, Jumapili saa tisa alasiri

Hamjalala nyinyi?? Nimetoka kanisani nimekuta kitabu kizima.

Mwalimu, swali lako ndio limemaliza kesi. Baada ya chakula shangazi alikuwa ameketi nje na Tevin, nikamsomea hii ya nyanya ya Mbita na uji, pole pole, bila kumwangalia, kama mtu anajisomea tu. Alijizuia mpaka pale kwa kuguguna mfupa. Akacheka. Yaani alicheka kicheko cha kwao kile cha kurudisha kichwa nyuma, na mkono ukachelewa kufika mdomoni.

Juu katikati kuna mwanya, mzuri, wenye kila mtu anajua. Chini upande wa kushoto kuna mahali hakuna jino. Miaka yote hiyo nimekaa na yeye, nimemzika mama yake na yeye, sijawahi kuona. Tevin kwa sababu ni mfupi anamwangalia kutoka chini, ameona tangu zamani. Shangazi amekubali mwenyewe, alianguka kutoka kwa mpera akiwa darasa la nne, na tangu hapo amejifunza kucheka na mdomo wa juu peke yake.

Kwa hiyo mwalimu wa Tevin ako sawa, Tevin ako sawa, shangazi ako sawa, ni mimi tu na nafasi yangu ndio hatukuwa na lolote. Amekunywa chai vikombe viwili na ameniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto, kwamba sukari ni kidogo. Amesema insha iandikwe upya na mwanya na pengo zote ziwe ndani, ila neno "zuri" aliweke kwa mwanya na asirudie kwa lile lingine. Sasa Tevin anauliza aeleze ya mpera ama aache. Na Jumatatu mimi ndio napeleka daftari, sijui nitamwambia mwalimu nini pale mlangoni, na saa hiyo ndio atakuwa kwa zile dakika mbili hazina jina.

fundi_Kondele, saa tisa na dakika mbili

Swali langu la kwanza kabisa bado halijajibiwa.